Ukienda Zenji sikukuu hii, panga hivi hela yako ifike kijijini

Kila Idi na Pasaka ikikaribia simu yangu haitulii, watu wa Dar, "oya shemeji wa Zenji tupangie basi tripu", kisa tu mimi nimeoa Jambiani. Nimechoka kurudia yale yale kwenye voisi noti za dakika saba, naandika mara moja, ukinipigia nakutumia hii.

Kabla hujabuku chochote angalia maji. Siyo ya kuoga, hayo nayafikia, nasema maji ya bahari. Paje, Jambiani, Bwejuu, upande wote ule wa mashariki maji yakipwa yanaenda mbali aisee, unabaki na mchanga mpaka kule mwambani mawimbi yanakovunjikia, na wageni wengi wanahisi wamepigwa wanaenda kununa kwenye bwawa la hoteli. Kumbe hiyo ndo saa ya kazi ya wenyeji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanatoka sana na kina mama wanashuka kwenye mashamba ya mwani, yale majani ya baharini, wengine wanaenda mwambani kuchokoa pweza. Kwahiyo uliza mwenyeji wako maji yanapwa saa ngapi siku utakazokuwepo, halafu upange kuogelea, kutembea na kulala kwa kufuata hiyo ratiba.

Kilimo cha mwani cha biashara kimeanza huko 1989 na wanaokilima wengi ni wanawake. Mara yangu ya kwanza nilienda na washkaji wawili kupiga picha, hata salamu hatujatoa, mmoja akasimama katikati ya vile vijiti vinavyofungiwa kamba za mwani ili apate pozi na jua nyuma. Mama mmoja akanyanyuka, maji yako magotini, kitenge kimelowa mpaka kiunoni, akasema taratibu tu, "Mwanangu, hapo ulipokanyaga ndo daftari za watoto." Tukaangalia chini, kamba imekatika na mwani unaelea unaenda zake. Huyo mama leo ni mama mkwe wangu na hiyo kamba hajawahi kuisahau, kila nikichelewa kutuma hela ya kitu inatajwa.

Sasa wewe fanya hivi: pita pembeni ya kamba usipite juu, toa shikamoo, omba ruhusa ndo utoe simu, na kama una nusu saa inama uwasaidie kufunga vipande vya mwani kwenye kamba, mgongo utakupa majibu kwanini wanaona kichekesho ukilalamika bei ya sabuni. Maana mwani mkavu kwa kilo unauzwa hela ndogo sana, faida kubwa inaenda kwa wanaosafirisha na wenye viwanda, lakini mama akiusaga akatengeneza sabuni au mafuta anapata zaidi, wapo wanaofanya hivyo Paje na Jambiani pia. Nunua kwao, usisubiri kununua mjini. Na nyie wa kaiti, mnaovutwa na tiara juu ya maji, mkikodi ulizeni mashamba ya mwani yako wapi kabla hamjaruka, ule ugomvi wa Paje ni wa siku nyingi.

Kulala. Sikukatazi hoteli kubwa, hela ni yako. Ila ile ya kulipia kila kitu kabla hujafika, chakula humo, kinywaji humo, boti humo humo, mara nyingi kijiji kinachoambulia ni mishahara midogo na kelele za jenereta. Ukilala gesti ya mwenyeji, ukala boflo, yaani mkate, na maharage ya nazi kwa jirani, ukapanda ngalawa ya mtoto wa mtaani, hela ileile inapita mikono mitano kabla haijatoka Jambiani. Ukipiga simu kuulizia chumba usiishie kwenye waifai, uliza na samaki mnanunua kwa nani, wafanyakazi wanatoka wapi. Anayekuambia "samaki wa Bi fulani hapo nyuma" unamjua tu kwamba ni mtu wa pale.

Haya, maji ya kuoga. Kusini na mashariki mwa Unguja ni jiwe la matumbawe tupu, hakuna mto, maji baridi yamekaa chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi, ukivuta kwa pampu kupita kiasi chumvi inapanda na kisima cha jirani kinaharibika. Bwawa la kuogelea hatua ishirini kutoka baharini mimi sijawahi kulielewa. Oga na ndoo, inatosha, taulo lisifuliwe kila siku.

Pomboo wa Kizimkazi, hapa nisikilizeni vizuri. Nilienda nikakuta boti kama kumi, pomboo akitoa pezi tu injini zote zinamkimbilia, nahodha wetu anapiga kelele "ruka, ruka!" na sisi tunaruka kama vyura, nikaona chini yangu pomboo na mtoto wake wanazama kwenda giza. Sikuona raha yoyote. Nikamuuliza yule nahodha njiani, mimi nimelipa elfu hamsini kwa papasi wa mjini, yule dalali wa watalii, wewe umepewa ngapi, akasema kumi na tano na mafuta yake. Sasa huyo atakuwa na muda gani wa kumsubiri pomboo? Kwahiyo nenda mwenyewe mpaka Kizimkazi, ongea na nahodha uso kwa uso, mlipe vizuri na mwambie kabla hamjatoka kwamba humkimbizi mnyama, mtazima injini mbali mkae, wakija wamekuja wasipokuja mtaangalia bahari. Na usimpe ziada kwa kukurusha majini, ziada mpe kwa kutulia. Kiti cha pweza pia kiache majini, yule samaki nyota, ukimtoa kwa ajili ya picha unamuua polepole. Makombe usinunue.

Msitu wa Jozani ni rahisi kufika, daladala ya 309 ya Jambiani inapita getini. Kima punju hawapatikani kokote duniani ila Zanzibar na wanakula mpaka mkaa, kweli kabisa, wanaiba jikoni kwa watu, unawasaidia kupunguza sumu ya majani tumboni. Wasipewe ndizi, wasishikwe. Sehemu ya kiingilio inarudi kwa vijiji vinavyozunguka msitu, kwahiyo lipa getini uchukue risiti, achana na anayekuita pembeni "nikuingize bei poa". Hapo jirani, Pete, kuna kituo cha vipepeo, wanakijiji wanafuga viwavi wanauza pale, watoto watapenda.

Mavazi mnayajua, bikini ufukweni siyo dukani, na Ramadhani usitafune njiani.

Kama likizo yako haina tarehe maalum nenda masika, Aprili au Mei. Mvua ipo sikufichi, ila bei zinashuka na ndo miezi hoteli nyingi zinafungwa, vijana wanarudishwa nyumbani bila mshahara, mgeni mmoja wa wakati ule ana maana kuliko kumi wa Desemba.

Taka za plastiki na pampasi za mtoto rudi nazo kwenye boti mpaka Dar, kijijini zinaishia kuchomwa nyuma ya nyumba za watu. Chupa ya maji beba yako ujaze.

Halafu wanaokuja Idi niambieni idadi mapema, mama mkwe anataka kujua, pweza anaagizwa siku moja kabla na inategemea bamvua.