Jinsi ya kuangalia wanyama wa hapo hapo nyumbani kijijini

Ukimwambia mtu habari ya kuangalia wanyama anawaza mbuga na tembo, wakati kijijini vitu vya kuangalia viko mlangoni, shida tu ni kwamba tunapita haraka haraka. Chagua sehemu moja, kaa chini, simu weka sailenti, tulia kama robo saa hivi, maana mwanzoni wote wanakuwa wanakuogopa, baadae wanakusahau wanaendelea na shughuli zao, hapo ndo kazi inaanza.

Anza na kuku, na tumia masikio kabla ya macho. Jogoo akiona mwewe angani anatoa mlio mwembamba mkali, majike wanalala chini au wanakimbilia kichakani, ila akiona mbwa au nyoka analia ko-ko-ko kwa nguvu bila kukoma, na wenzie badala ya kujificha wanasimama wima, shingo juu, wanatafuta adui yuko wapi. Mtazame na kichwa: akikilaza upande jicho moja likaelekea juu, na wewe angalia juu, macho yake yako pembeni kwahiyo hivyo ndo anavyokagua anga. Mimi kuku namheshimu sana kwa hili.

Machungani angalia yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe. Wanakaa karibu na miguu na mdomo kwasababu ng'ombe akitembea panzi wanaruka, wao wanadaka. Ng'ombe akilala tu, wengi wanahamia kwa mwingine anayetembea.

Kama kuna mti wenye mnana, wale ndege wanaosuka viota, huo ndo uupe muda mwingi kuliko vyote. Dume anachana majani mabichi, anaanza na pete moja, anasimama ndani yake anasuka kuizunguka, akimaliza ananing'inia chini ya kiota anapiga mabawa kumuita jike, jike anaingia kukagua, asipopenda anaondoka. Kiota kikikauka kikawa cha kahawia majike hawakitaki tena, dume anakivunja mwenyewe anasuka kipya. Asubuhi ndo nzuri zaidi, jua likiwa kali wanapunguza.

Beba daftari uandike saa, hali ya hewa na ulichokiona, sio unachodhani. Viota vyenye mayai usiguse, na ukiona ndege ana chakula mdomoni lakini anazunguka zunguka bila kutua, ujue umemkaribia sana, rudi nyuma.