Jinsi ya kupata cheti cha AGPO kama biashara ni ya mwanamke (Kenya)

Wamama wenzangu, ile asilimia 30 ya tenda za serikali iliyotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haitakutafuta dukani, lazima uwe na cheti cha AGPO, ule mpango wa serikali wa kusajili biashara za makundi haya ili ziombe hizo tenda. Na ni bure, mtu wa saiba akikuitisha elfu mbili ati akuharakishie, chukua simu yako uende.

Kabla ufungue tovuti panga makaratasi. Biashara iwe imesajiliwa eCitizen, na kama ni kampuni toa CR12 ya juzi juzi, ile karatasi inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Wanawake wamiliki angalau asilimia 70 na uongozi wote uwe wa wanawake, kwa hivyo kama ulimweka mzee wako dairekta ndio asinune, hapo utakwama. Halafu kitambulisho, PIN ya KRA, akaunti ya benki ya biashara, na ile tax compliance, yaani cheti cha KRA kwamba mambo yako ya ushuru yako sawa. Hii ndio huangusha wengi juu mtu anasema sikuuza kitu mwaka jana kwa hivyo sikufaili, sasa iTax, ile tovuti ya KRA, inamnyima cheti, faili tu hata ya nil.

Ukishamaliza ingia agpo.go.ke, fungua akaunti, chagua kundi la wanawake, jaza, pakia stakabadhi zako. Angalia jina la biashara likae vilevile kila mahali, hata nukta. Wa ujenzi wataongeza cheti cha NCA, mamlaka ya ujenzi. Ukipitishwa unaprinti mwenyewe, kinakaa miaka 2 halafu unarenew.

Sasa kazi yenyewe. Tenda ziko tenders.go.ke, tafuta zilizoandikwa ni za wanawake na usome tangazo lote uone kama unapeleka bahasha ama unatumia eGP, mfumo wa serikali wa kutuma tenda mtandaoni. Za kundi letu hazitaki bid bond, ile dhamana ya benki kwamba hutajiondoa kwa tenda, unajaza fomu ya tamko la dhamana na kusaini, lakini ukisahau hiyo fomu unatupwa nje asubuhi na mapema.

Ukishinda usipeleke mzigo kabla ya LPO, ile oda rasmi ya maandishi ya ununuzi, kuwa mkononi, ahadi ya simu si LPO. Mimi nilipelekea ofisi fulani karatasi za printa nikalipwa baada ya miezi saba, huku mkopo wa chama ukinidai kila wiki. Siku hizi nikipata LPO kubwa naulizia kwanza Women Enterprise Fund, mfuko wa serikali wa biashara za wanawake, wako na mkopo wa kufadhili LPO.