Namba isiyo na pacha, itafute kwa XOR

Wale mnaoanza kuandika programu, kuna lile swali la arei (orodha ya namba) ambayo kila namba imejirudia mara mbili isipokuwa moja, utafute hiyo moja. Wengi wanakimbilia lupu ndani ya lupu, ikija arei ya namba 100,000 programu inaburuta balaa. We anza na jibu = 0, pita arei mara moja tu, kwa kila namba andika jibu ^= namba, basi. Hiyo ^ ndiyo XOR, inalinganisha namba mbili biti kwa biti (zile 0 na 1 zinazoiunda namba), zikifanana inatoa 0, zikitofautiana 1. Namba na pacha wake zinafutana zinakuwa 0, na 0 haibadilishi kitu, kwa hiyo 4, 7, 4 inabaki 7, hata mpangilio ukiwa vururu vururu, na memori ya ziada huhitaji. Ila kwenye Python na C hiyo ^ sio kipeo jamani, 2 ^ 3 inakupa 1 sio 8.