Z04.1: Bili ya mtu aliyepimwa baada ya ajali ya barabarani akakutwa mzima

Mwongozo huu ni wa bili za Marekani, zinazofuata ICD-10-CM, yaani orodha ya misimbo ya magonjwa, majeraha na sababu za kuja kliniki. Msimbo Z04.1 ni wa mtu aliyetoka kwenye ajali ya chombo cha usafiri, akapimwa kwa kuhofiwa kuwa ameumia, na kumbe hana kitu.

Hatua ya 1: Soma maandishi ya daktari. Karatasi ya mapokezi huishia "ajali ya gari", na hiyo haitoshi. Tafuta alichokuta daktari. Kama ameandika kwamba shingo inauma, Z04.1 haifai tena: tumia M54.2, au S13.4XXA ikiwa amethibitisha kuteguka kwa kano za shingo. Mkanda umemwachia damu iliyovilia kifuani mbele, upande wa kushoto? Hiyo ni S20.212A. Maumivu kidogo nayo ni maumivu. Usijishauri kwamba hayahesabiki. Z04.1 inasimama pale tu daktari anapoandika kwamba mgonjwa hana dalili na vipimo havikuonyesha jeraha. Akiwa kimya kuhusu hilo, mrudishie jalada aongeze maelezo. Usimjazie.

Hatua ya 2: Alikuwa kazini? Dereva wa lori aliyegongwa akipeleka mzigo wa mwajiri huandikiwa Z04.2, ambayo ni ya kupimwa baada ya ajali ya kazini. Misimbo hii miwili haikai pamoja kwa tukio moja, na mlipaji naye hubadilika.

Hatua ya 3: Usiongeze mkia. Z04.1 ina herufi moja na tarakimu tatu, basi. Waliozoea misimbo ya majeraha huandika Z04.1XXA, msimbo huo haupo, na madai yatagonga mwamba kabla hayajasomwa na mtu.

Hatua ya 4: Jaza CMS-1500, fomu ya madai inayopelekwa kwa bima.
- Kisanduku 21: Z04.1 kwenye mstari A, na 0 kama alama ya ICD-10.
- Kisanduku 24E: herufi A, si msimbo wenyewe.
- Kisanduku 10b: NDIYO, pamoja na herufi mbili za jimbo ilikotokea ajali, hata kama kliniki iko jimbo jingine.
- Kisanduku 14: tarehe ya ajali, si ya kuja kliniki.

10b ndiyo inayosahaulika, na hasara yake huchelewa kuonekana. Bima ya afya inaweza kulipa, kisha ikagundua kuwa bima ya gari ndiyo iliyopaswa kutangulia, ikadai fedha zake.

Hatua ya 5: Misimbo ya V. Hii hueleza jeraha lilivyotokea, mfano V43.52XA ni dereva wa gari dogo aliyeumia kwa kugongana na gari dogo jingine barabarani. Iambatanishe na msimbo wa jeraha, wala usiitangulize kamwe.

Mgonjwa akirudi baada ya siku mbili akilalamika shingo, ziara hiyo ipate msimbo wake. Ile ya kwanza iache na Z04.1, maana siku ile hakukuwa na dalili.