Somo: Kupima sakafu ya bahari kabla ya kuzika kebo au bomba

Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa, ikakata TEAMS, kebo ya intaneti ipitayo chini ya bahari. Tunazika kebo ili nanga na nyavu zisiifikie, ila huziki mahali usipopajua.

1. Anza na ramani na wavuvi. Tafuta kebo za zamani, maeneo ya kutia nanga na mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa. Kisha keti na wavuvi. Anayetega malema (mitego ya samaki) Nyali anajua penye mwamba na mchanga unavyohama kusi ikivuma. Usiliruke hili hata kidogo.

2. Pima kina kwa mwangwi: tuma sauti chini, hesabu muda wa kurudi. Sauti majini huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde, lakini joto na chumvi huubadilisha mwendo huo, basi upime kila siku. Wakati wa bamvua (mwezi mpya na mwezi mpevu) maji yetu hupanda na kushuka mita 3 hivi. Usiposahihisha, ramani yako ni bure.

3. Vuta nyuma ya meli sona ya pembeni, chombo kinachopiga picha ya sakafu kwa sauti, ione minyororo na mabaki ya meli, na magnetometa, kipima usumaku, inase chuma kilichofukiwa.

4. Tazama chini ya mchanga. Hapa ndipo kazi ilipo. Juu utaona mchanga mweupe, tambarare. Nusu mita chini yake, mwamba wa matumbawe. Plau, jembe la kuzikia kebo, ikiugonga inaruka, kebo inabaki wazi. Sauti nzito hupenya na kuonyesha matabaka, lakini haikuambii ugumu wake. Sukuma koni ya chuma ardhini upime ukinzani, halafu toa sampuli kwa bomba. Ipasue kwa urefu, isugue vidoleni: tope huteleza, vipande vya matumbawe hukwaruza.

Maswali ya wanachama

– Kaka, kebo huzikwa njia nzima?
Hapana. Kina kikizidi mita 1,000 hadi 1,500 kwa kawaida hulazwa tu. Maji yakiwa machache, lenga mita 1 au zaidi chini ya sakafu.

– Na bomba la mafuta, mwalimu?
Angalia mabonde zaidi. Likining'inia, mkondo hulitikisa mpaka chuma kinachoka. Kwenye njia ya meli kama Kilindini, hesabu kuanzia kina kitakachochimbwa baadaye, si cha leo.

– Kati ya mwamba na ufuo, mashua ya kupimia haifiki. Tufanyeje?
Ngojeni maji ya bamvua yakupwe, mtembee na GPS ya upimaji na nondo ndefu. Chomeni mchanga kila baada ya mita chache, mwandike nondo imezama kiasi gani kabla ya kugonga jiwe.