Kuku akilala asiinuke: nilivyomuuguza wangu wa kishungi, Likoni

Kaskazi ilikuwa imekaza. Nilifungua banda baada ya sala ya alfajiri, kuku wote wakatoka mbio, yeye akabaki amelalia kidari, akipigapiga mabawa asiinuke. Jirani akanambia, "Mchinje huyo." Sikumchinja.

Tazama kwanza kabla ya kukimbilia dawa. Shingo ikipinda, kinyesi kikawa kijani na wenzake wakaanza kuzubaa, shuku kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle. Hicho hakina tiba: mtenge mbali, ita daktari wa mifugo. Mguu mmoja ukinyooka mbele na mwengine nyuma, hasa kwa kuku mchanga, shuku ugonjwa wa Marek, nao hauna tiba. Chanjo yake hupewa kifaranga siku anapoanguliwa. Wangu shingo ilikuwa sawa na macho maangavu. Nilimpapasa tumbo, hapakuwa na yai lililokwama, miguu haikuvunjika. Ila alikuwa ametaga mfululizo, na chakula changu kilikuwa pumba na machicha ya nazi tu. Nikaona amepungukiwa na kalsiamu, madini yanayojenga ganda la yai na mifupa.

Hapo nilimtenga barazani, penye kivuli na upepo, ndani ya katoni yenye matandiko makavu. Kuku asiyesimama huweza kuuawa na kiu kabla ya ugonjwa, kwa sababu maji hayafikii. Mchana kutwa, kila baada ya saa mbili, nilimpa maji kwa sirinji isiyo na sindano, tone tone pembeni mwa mdomo, nikingoja ameze. Usimmiminie kooni! Tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, maji yakiingia humo umemuua kwa mkono wako.

Chakula kilikuwa uji mzito wa mtama, kiini cha yai la kuchemsha, mchicha uliokatwa, na maganda ya mayai niliyoyachemsha, nikayaanika na kuyatwanga. Vitamini za unga nilinunua duka la dawa za mifugo, nikafuata kipimo cha pakiti. Asubuhi mguse chini ya shingo, upande wa kulia: kifuko cha chakula kiwe kimenywea. Kikiwa bado kimejaa, usimshindilie chakula kingine.

Kilichonisumbua zaidi ni kidonda cha kidari. Mgeuze ubavu mara kwa mara, badilisha matandiko kila yakilowa, muoshe nyuma kwa maji ya vuguvugu na umkaushe vizuri, la sivyo nzi watataga hapo. Nilichukua leso kuukuu, nikatoboa matundu mawili ya miguu, nikaifunga kwenye miguu minne ya kigoda nilichokipindua. Akaning'inia humo, nyayo zikigusa chini, robo saa asubuhi na robo saa jioni.

Siku ya sita alisimama akitetemeka. Ya kumi akatembea hadi mlango wa jikoni. Nilingoja siku tatu zaidi, ndipo nikamrudisha bandani usiku, wenzake wamekwisha kulala, maana mchana wangemdonoa.