SOMO: Programu ya zamani imegoma kuunganisha na hifadhidata? Soma namba ya kosa kabla hujafomati

Wakuu, swali hili limejibiwa mno: "Programu ya duka inaleta kosa la draiva, nifomati?" Usifomati. Ukifomati unafuta ushahidi wote, halafu unaweka tena draiva (faili inayowezesha programu kuongea na hifadhidata) ile ile isiyofaa na kosa linarudi lile lile. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Somo ni la kompyuta za mezani zenye Windows 7 hadi 10 ya biti 64 (programu na draiva hujengwa kwa biti 32 au 64, na lazima zilingane), zinazoendesha programu za zamani za mauzo, famasi au ada za shule kwa njia ya ODBC, yaani mfumo wa Windows wa kuunganisha programu na hifadhidata.

1. Piga picha ya kosa lote. Usiandike "inaleta error". Namba ya kosa ndiyo inayosema ugonjwa. IM002: jina la DSN (mipangilio ya kuunganisha iliyohifadhiwa kwa jina ndani ya ODBC) halikuonekana. IM014: draiva na programu hazilingani biti. Kosa la mfumo 126: draiva ipo ila faili ambayo draiva hiyo inaihitaji haipo. 193: faili ni ya biti tofauti. 10060 na 10061: draiva ni nzima, tatizo liko njiani au kwenye seva. 18456 kwa hifadhidata ya SQL Server na 1045 kwa ya MySQL: umefika mlangoni, jina au nywila imekataliwa. Ukiona mbili hizi za mwisho, acha kabisa kugusa draiva.

2. Jua programu ni ya biti ngapi. Iwashe, fungua Task Manager. Kwenye Windows 7, programu ya biti 32 huwa na alama *32 pembeni ya jina lake. Windows 10, nenda Details, ongeza safu ya Platform.

3. Fungua dirisha sahihi la ODBC. Hatua hii niliwahi kuikosea, ndiyo maana naiandika kwa kirefu. Kompyuta ina madirisha mawili ya ODBC na faili zake zina jina moja, odbcad32.exe. Lililo ndani ya C:\Windows\System32 ni la biti 64. Lililo ndani ya C:\Windows\SysWOW64 ni la biti 32. Ndiyo, majina yamegeuka, na hujasoma vibaya. Kwenye Windows 7 ukipitia Control Panel unapelekwa la biti 64 tu, bila kuambiwa. Unatengeneza DSN vizuri, unabonyeza kitufe cha kujaribu, kinakubali, halafu programu yako ya biti 32 inakuja na IM002 kana kwamba hujafanya kitu. Kwa programu ya biti 32 bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika:

C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe

Tahadhari tatu. Funga dirisha jingine la ODBC kabla ya kufungua hili, usije ukachanganya. Tumia kichupo cha System DSN, si User DSN: ya User inaonekana kwenye madirisha yote mawili hata kama draiva yake ni ya biti nyingine, na hapo ndipo IM014 huzaliwa, tena akiingia mtumiaji mwingine wa kompyuta hiyo hataiona. Na usihamishe faili yoyote kutoka folda moja kwenda nyingine ukidhani unasawazisha mambo.

4. Weka draiva ya biti za programu, si biti za Windows. Ukipata 126 kwa draiva ya MySQL, mara nyingi inakosa Visual C++ Redistributable (faili za Microsoft ambazo draiva huzitegemea). Draiva ya biti 32 inataka ile ya x86 hata kama Windows ni ya 64. Mwaka wa toleo unatajwa kwenye ukurasa unaopakulia draiva.

5. Tengeneza DSN. Jina liwe lile lile programu inaloliita, herufi kwa herufi.

6. Jaribu bila programu. Fungua Notepad, andika mistari hii, hifadhi C:\Users\Public\jaribu.vbs:

Set c = CreateObject("ADODB.Connection")
c.Open "DSN=Duka;UID=mtumiaji;PWD=nywila"
WScript.Echo "Imeunganishwa"

Kisha kwenye Command Prompt:

C:\Windows\SysWOW64\cscript.exe C:\Users\Public\jaribu.vbs

Ikiandika "Imeunganishwa", draiva, DSN na mtandao viko sawa kwa biti 32, na tatizo limebaki kwenye mipangilio ya programu. Ikikataa, kosa utakalopewa ni la kweli, halijafichwa na ujumbe wa programu. Ukimaliza ifute faili hiyo, ina nywila ndani.

7. Mtandao, kwa wenye 10060 au 10061. SQL Server Express huja TCP/IP (njia ya kuifikia kwa mtandao) ikiwa imezimwa. Kwenye seva fungua SQL Server Configuration Manager, washa TCP/IP, ingia IP Addresses, shuka hadi IPAll, futa kilichoandikwa TCP Dynamic Ports, andika 1433 kwenye TCP Port, kisha zima na kuwasha huduma ya SQL. Usipoizima na kuiwasha, hakuna kitakachobadilika. Fungua mlango huo na kwenye Windows Firewall. Ukiita seva kwa jina lenye \SQLEXPRESS badala ya namba ya mlango, huduma ya SQL Server Browser nayo iwe hai na UDP 1434 iwe wazi.

MASWALI

kaunta_2: Mkuu yangu inasema error tu, nisaidie haraka wateja wamejaa.
Jibu: Hatua ya 1. Weka picha.

kaunta_2: Sina muda wa kusoma yote hayo, nitumie tu draiva inayofanya kazi.
Jibu: Hakuna draiva moja ya wote. Bila namba ya kosa nakubahatishia, na kaunta itazidi kusimama.

famasi_ya_kona: Nimefuata mpaka hatua ya 6, imeandika Imeunganishwa, lakini programu bado IM002.
Jibu: Safi, umenirahisishia. Programu inaita jina jingine. Tafuta faili ya .ini au .config kwenye folda yake. Usipoiona, pakua Process Monitor ya Microsoft, inayoonyesha kila kitu programu inachokitafuta, chuja njia zenye ODBC.INI, kisha iwashe programu. Mstari wenye NAME NOT FOUND utakuonyesha jina inalolitafuta.
famasi_ya_kona: Inatafuta "DUKA_1", mimi niliandika "DUKA1". Imekubali!

mwanafunzi_wa_TEHAMA: Kwa nini System32 ndiyo iwe ya biti 64? Naona kama kosa.
Jibu: Swali zuri. Programu nyingi zilikuwa na njia ya System32 imeandikwa ndani yake. Jina likaachwa ili zikijengwa upya kwa biti 64 zisivunjike, na za biti 32 zikatengewa SysWOW64, yaani Windows ya 32 juu ya Windows ya 64. Programu ya biti 32 ikiomba System32 inageuziwa njia kimya kimya. Kwa hiyo ukifungua odbcad32 kupitia programu ya zamani ya kuvinjari faili, unaweza kupata la 32 huku macho yako yanasoma System32. Ukitaka folda halisi ukiwa ndani ya biti 32, andika C:\Windows\Sysnative.

fundi_mtaa: Mimi hupakua dll (faili saidizi ya programu) iliyokosekana kwenye tovuti yoyote naitupa System32, inakubali. Somo refu la nini?
Jibu: Hujui toleo lake wala nani kaichezea, na unaiweka kwenye mashine yenye hesabu za mtu. Kisakinishi halali cha Visual C++ ni bure. Kwenye kazi ya mteja sikubaliani na njia yako.

shule_ada: Seva mpya ina MySQL 8, draiva yetu ni 5.1. Inataja caching_sha2_password.
Jibu: Draiva hiyo haijui njia mpya ya kuthibitisha nywila. Kwanza jaribu draiva mpya. Programu ikiikataa, badili mtumiaji huyo mmoja tu: ALTER USER 'ada'@'192.168.1.%' IDENTIFIED WITH mysql_native_password BY 'nywila'. Usipandishe seva hovyo: kwenye 8.4 njia hiyo imezimwa, kwenye 9.0 imeondolewa.

famasi_ya_kona: Nje ya mada kidogo. Tukiiacha wazi usiku, asubuhi inasema "MySQL server has gone away".
Jibu: wait_timeout ya MySQL ni sekunde 28800, yaani saa 8 bila kazi, kisha seva inakata. Fungeni programu jioni. Ikikatika hata baada ya chakula cha mchana, ingia Device Manager, kadi ya mtandao, Power Management, ondoa ruhusa ya kuizima kuokoa umeme.

mwanafunzi_wa_TEHAMA: Na ile iliyokubali jana, leo inalalamikia cheti (kitambulisho cha seva)?
Jibu: Tazama saa ya kompyuta. Kwenye mashine kuukuu betri ya CR2032 ikiisha, tarehe inarudi miaka nyuma, na cheti cha seva kinaonekana hakijaanza kutumika. Badilisha betri, weka tarehe, ndipo ujaribu tena.